Godzilla siyo mjusi tu, jamani

Najua nimewatupa, wiki tatu nzima kimya kama mtu aliyedisko. Sijadisko, nipo. Mitihani ilinibana, halafu bumu likakata, na ukiwa huna hela hata mawazo yanakuwa hayana bando. Sasa mitihani imeisha, hosteli imebaki na watu wachache tunaosubiri kwenda field, na usiku kazi yetu ni moja tu: kuangalia muvi kwenye laptopu mpaka chaji iishe au umeme ukatike, chochote kitakachotangulia.

Leo nawaletea ubishi ambao umetusumbua hapa chumbani kwa wiki nzima, ukahamia cafeteria, ukaishia kwenye vimbweta. Ni mrefu kidogo, kwa hiyo wenye haraka mnaweza kuja kesho.

Ubishi ulianza hivi. Jamaa mmoja wa uhandisi alinipa flashi yenye muvi kama arobaini, na humo nikakuta Godzilla ya kwanza kabisa, ile ya Wajapani wenyewe ya mwaka 1954, nyeusi na nyeupe. Wao wanaiita Gojira, jina lililounganishwa kutoka gorira, yaani sokwe, na kujira, yaani nyangumi. Nikaanza kuangalia huku nasoma maandishi ya Kiingereza chini. Mwenzangu wa chumba, ambaye sote tunamwita Mngoni (ingawa yeye kila siku anadai ni Mndendeule, na kwamba Wangoni waliwakuta), akanyanyua kichwa toka kwenye simu yake.

“Kaka, mwaka wa tatu huu, mwalimu mtarajiwa, unakesha unaangalia mjusi anakanyaga maghorofa?”

Nikamwambia siyo mjusi. Akasema ni mjusi. Nikamwambia kaa chini nikueleze. Akakaa, maana hata yeye hakuwa na bando.

Hebu na nyie kaeni.

Lazima tuanze na boti ya wavuvi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni pale Bikini, kwenye visiwa vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki. Jaribio hilo waliliita Castle Bravo. Nguvu yake ilikuwa megatoni 15, yaani sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT, zaidi ya mara mbili ya walivyokadiria wanasayansi wenyewe waliolitengeneza. Ukililinganisha na lile lililopigwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ni kama mara elfu moja. Mara elfu moja wadau, siyo mara kumi.

Siku hiyo kulikuwa na boti ya Kijapani inavua jodari, na ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Iliitwa Daigo Fukuryu Maru, maana yake Joka la Bahati Namba Tano. Ndani kulikuwa na wavuvi 23. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, wakaona mwanga mkubwa upande wa magharibi, kana kwamba jua limekosea njia. Baada ya masaa machache vumbi jeupe likaanza kuwadondokea, wakaendelea kuvuta kamba zao huku linawatua kichwani na mabegani. Hawakujua ni kitu gani. Yalikuwa ni matumbawe ya kisiwa kizima yaliyosagwa na bomu na kujaa mionzi. Wajapani baadaye wakayaita majivu ya kifo.

Walifika nyumbani kwao, bandari ya Yaizu, tarehe 14 Machi, ngozi zimeungua na nywele zinatoka. Samaki wao walikuwa wameshaingia sokoni. Wengine walizikwa palepale kwenye soko la samaki la Tsukiji jijini Tokyo, maana hakuna aliyejua wawafanye nini. Nchi ambayo chakula chake ni samaki ikaanza kumwogopa samaki. Fundi redio wa boti ile, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 40.

Sasa sikilizeni hii. Gojira ilianza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema Japani tarehe 3 Novemba 1954. Hesabuni wenyewe: siku 41 baada ya kifo cha Kuboyama.

Na inaanzaje? Inaanza na mabaharia wamepumzika juu ya meli yao usiku, wanapiga muziki. Ghafla bahari inang'aa mwanga mweupe, wanaruka kuangalia, meli inawaka moto na kuzama. Hakuna jitu lolote linaloonekana. Ni mwanga tu.

Nilimsimamisha Mngoni hapo nikamuuliza: hivi mwaka 1996, miezi michache baada ya MV Bukoba kuzama, mtu angetengeneza muvi inayoanza na meli inazama Ziwa Victoria, wewe ungekaa unasema ni muvi ya mjusi? Akanyamaza kidogo. Akasema, “Haya, weka tena mwanzo.”

Hapo nilijua nimemshika.

Aliyeongoza muvi ile ni Ishiro Honda. Huyu mzee hakuwa mtu wa kusikia vita redioni. Alikuwa askari wa jeshi la Japani kule China, na aliporudi mwaka 1946 alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Aliyekuja na wazo la muvi ni Tomoyuki Tanaka wa kampuni ya Toho, aliyekuwa na pengo la kuziba baada ya mpango wa kutengeneza muvi nyingine na Waindonesia kuvunjika. Mambo ya kiufundi alifanya Eiji Tsuburaya. Jitu lenyewe ni mtu aliyevaa gwanda zito kupita kiasi, Haruo Nakajima, anatembea katikati ya vijumba vya kuigiza. Na ule mngurumo wake unaotisha ulitoka kwenye gitaa kubwa la besi, lile la kusimama: mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alilegeza nyuzi zake zikasuguliwa na glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Mngoni alipenda hiyo kuliko yote. Kila nikiamka asubuhi sasa hivi namkuta anajaribu kuingurumia ndoo ya maji.

Lakini tuache utani. Ukiangalia vizuri, muvi nzima imejaa vitu ambavyo mtazamaji wa Tokyo wa mwaka 1954 hakuhitaji kufafanuliwa. Wapo abiria kwenye treni, dada mmoja analalamika kuhusu samaki wenye mionzi na mvua yenye mionzi, na sasa tena hili jitu, halafu anasema yeye alinusurika Nagasaki na hakunusurika ili aje afe hivi. Anaongea kwa namna ileile tunavyolalamikia daladala. Yupo mama amekumbatia watoto wake chini ya ukuta, mji unaungua, anawaambia kwamba muda si mrefu watakuwa na baba yao. Baba yuko wapi? Haisemwi, lakini Wajapani wote walijua akina baba walienda wapi miaka ile. Asubuhi yake hospitali imejaa majeruhi sakafuni, na mtaalamu anampitishia mtoto kile kifaa cha kupimia mionzi, kinalia, anatikisa kichwa. Mtoto mwenyewe hana hata jeraha. Amekaa tu anaangalia.

Hiyo ya mtoto ndiyo iliyonimaliza. Jitu limeshaondoka, limerudi baharini, na bado linaua.

Na ngozi ya Gojira, ile mikunjomikunjo, si ya mjusi. Inafanana na makovu ya watu walioungua Hiroshima na Nagasaki. Kwa hiyo jitu lenyewe nalo ni majeruhi. Hadithi inasema lilikuwa limelala zake chini ya bahari, likaamshwa na majaribio ya bomu la haidrojeni. Halikuja kutafuta mtu, lilifukuzwa kwao.

Sasa mtauliza, kwa nini wasiseme waziwazi? Kwa nini wazunguke na zimwi? Wapo waliosema waziwazi. Kaneto Shindo alitengeneza muvi kuhusu watoto wa Hiroshima mwaka 1952. Ila mkumbuke, mpaka Aprili 1952 Japani ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani, na habari za athari za mabomu zilikuwa zinakaguliwa na kuzuiwa. Watu walikaa miaka kama saba na msiba ambao hawaruhusiwi kuulia hadharani. Msiba wa namna hiyo ukitoka, unatoka kwa mlango wowote utakaoupata. Bibi zetu nao walitusimulia zimwi lililomeza kijiji kizima, watu na ng'ombe wao, na hakuna aliyekuwa anamuuliza bibi zimwi hilo lina urefu gani. Tulijua anaongelea kitu kingine, njaa au vita au wakamata watumwa, hata kama hatukujua ni kipi.

Nikija kwenye kitu kilichoniuma zaidi: mnajua kwamba Wamarekani waliitafsiri hiyo muvi? Namaanisha kutafsiri kwa staili yetu. Wote tumekulia mabanda ya video, vibanda umiza, ambako DJ anakaa na maiki anakueleza Van Damme anasema nini, na nusu ya maneno ni yake mwenyewe. Tuliwapenda ma-DJ wetu na sitaki kuwasema vibaya. Ila mwaka 1956 Wamarekani walifanya U-DJ wa hatari. Walichukua Gojira, wakaikata toka dakika 96 mpaka kama 80, wakamchomeka mwandishi wa habari Mmarekani, aliyechezwa na Raymond Burr, awe amesimama pembeni anatusimulia yanayotokea. Wakaiita Godzilla, King of the Monsters!

Bomu halikufutwa kabisa, lakini angalieni nini kilikatwa. Yule dada wa Nagasaki kwenye treni, kakatwa. Kwenye mwisho wa Kijapani, mtaalamu mzee, Dokta Yamane, anasema hadhani kwamba huyu ndiye Gojira wa mwisho. Kama majaribio ya nyuklia yataendelea, mwingine anaweza kutokea mahali pengine duniani. Hilo onyo nalo halipo. Kwenye toleo lao jitu limekufa, dunia imepona, tusonge mbele. Na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyozunguka duniani. Wamarekani walikuja kuonyeshwa ile ya asili kwenye majumba ya sinema kwa upana mwaka 2004, miaka 50 imeshapita.

Kwa sisi tunaosoma ualimu hapo kuna somo kubwa. Hawakudanganya kwa kusema uongo. Walichagua tu cha kuacha. Mwalimu anaweza kufundisha kipindi kizima bila neno moja la uongo na wanafunzi wakatoka wamepotoshwa.

Kuanzia hapo Godzilla amebadilishwabadilishwa kama mgombea. Mwaka 1964 akageuzwa mtetezi wa dunia, anapigana na joka lenye vichwa vitatu lililotoka angani. Mwaka 1971 akapigana na jitu la taka za viwandani, wakati Wajapani wenyewe wanalia na uchafuzi wa viwanda vyao. Mwaka 1984 akarudi mkali, na humo waziri mkuu wa Japani anawakatalia Wamarekani na Warusi kutumia mabomu ya nyuklia kwenye ardhi yake. Mwaka 2014 ikaja ile ya Kimarekani wengi wenu mmeiangalia. Mnakumbuka inavyoanza? Wanasema yale majaribio ya Pasifiki hayakuwa majaribio, walikuwa wanajaribu kumuua Godzilla! Jamani! Yaani kosa limekuwa ulinzi. Kuna visiwa ambavyo watu wake walihamishwa na wengine wakadondokewa na majivu, mabomu 67 kati ya mwaka 1946 na 1958, halafu muvi inakuja kukwambia ilikuwa kwa usalama wetu. Wakabakiza kipande kidogo cha ukweli: Dokta Serizawa anatembea na saa ya baba yake iliyosimama saa 2:15 asubuhi, muda wa Hiroshima.

Wajapani wameendelea na yao. Ile ya mwaka 2016, Shin Godzilla, karibu nusu yake ni vikao vya serikali, viongozi wanasubiri karatasi wakati jitu linapanda toka mtoni, na aliyeishi Japani Machi 2011, tsunami ilipopiga kinu cha Fukushima, alijua inamwongelea nani. Ile ya mwaka 2023, Minus One, inarudi palepale baada ya vita, na mwaka 2024 ikachukua Oscar ya ufundi wa picha. Mwaka huohuo 2024 Tuzo ya Nobel ya Amani ilikwenda kwa Nihon Hidankyo, chama cha walionusurika mabomu yale mawili. Miaka sabini, na bado kuna mtu anapaswa kusimama akumbushe.

Sasa msidhani Mngoni alikaa kimya muda wote huu. Mtu anasoma historia huyo, na ana mdomo. Usiku wa tatu akaniambia:

“Haya mwalimu, nimekubali siyo mjusi. Lakini mbona Wajapani wanalia peke yao? Wachina wako wapi kwenye hiyo muvi? Wakorea je? Nanjing mwaka 1937 hakukuwa na jitu, walikuwa ni wao.”

Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuikwepa. Ni kweli. Kwenye Gojira Japani ni mwathirika tu. Mji unaungua, mama analia, na hakuna hata sentensi moja inayouliza jeshi lao lilichoma miji ya nani kabla. Na Honda mwenyewe alikuwa China. Kwa hiyo hata muvi inayosema ukweli kuhusu kitu kimoja inaweza kukata kitu kingine, kama walivyokata Wamarekani. Mimi nilichomjibu ni kwamba mtoto yule wa hospitali hakwenda Nanjing. Watu kama 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima ilipofika mwisho wa 1945, na kama 74,000 Nagasaki, na wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Ukifundisha, fundisha vyote viwili. Anayetaja Nanjing ili asitaje Hiroshima, na anayetaja Hiroshima ili asitaje Nanjing, wote ni ma-DJ tu.

Halafu kuna ya kwetu. Hii nilitaka sana muisome.

Urani ya mradi uliotengeneza bomu la Hiroshima ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, Kongo. Siyo mbali na sisi. Machimbo yalikuwa ya kampuni ya Kibelgiji, Union Minière, na mawe yake yalikuwa na urani nyingi kuliko machimbo mengine yaliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa ameshahamishia tani kama 1,200 New York, zimekaa kwenye ghala, kabla jeshi la Marekani halijamfuata kununua. Na lugha iliyotumika kwenye kambi za wafanyakazi wa kampuni ile Katanga ilikuwa Kiswahili. Fikirieni hilo. Kuna watu walioambiana “pokea hilo jiwe”, “haya, nyanyua”, kwa lugha hii ninayowaandikia, na hakuna aliyewaambia jiwe linaenda wapi. Hao hawamo kwenye muvi ya Wajapani wala ya Wamarekani. Hata kwenye notisi zangu za historia hawamo. Mabomu yenyewe yamepewa mstari mmoja: tarehe mbili, miji miwili, vita ikaisha.

Nilipomweleza Mngoni hiyo ya Shinkolobwe hakucheka. Akavaa viatu akatoka nje. Nikajua kuna kitu.

Mngoni kwao ni Namtumbo, Ruvuma. Kama mnafuatilia habari, huko ndiko kwenye mradi wa urani wa Mto Mkuju. Mwaka 2012 kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa pori la Selous usogezwe ili eneo la machimbo litoke nje ya hifadhi, na Julai 2025 Rais Samia alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata. Mdogo wake Mngoni amemaliza kidato cha nne, hana kazi, na kila siku anasikia kutakuwa na ajira. Basi mama yao alikuwa amempigia simu kaka mtu, mwezi mmoja nyuma, akamuuliza swali moja: “Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Hayo madini yanaua au hayaui? Nimruhusu mdogo wako aende?”

Na jamaa hakuwa na jibu. Alimwambia, “Nitakupigia mama.” Mwezi umepita.

Nilielewa basi kwa nini alikuwa anataka iwe muvi ya mjusi.

Kesho yake tukaenda kumtafuta dada mmoja wa ualimu wa fizikia, tukamkuta kimbweta anasoma. Alitufundisha kwa nusu saa vizuri kuliko nilivyofundishwa miaka minne ya sekondari. Akasema jiwe la urani siyo bomu na haliwezi kulipuka. Ile aina ya urani inayotakiwa ni kama asilimia 0.7 tu ya urani iliyomo kwenye jiwe, na mpaka iwe silaha inahitaji viwanda vikubwa mno. Umeme wa nyuklia nao ni kitu kingine, na nchi nyingi zinautumia. Hatari ya mchimbaji ni nyingine: vumbi analovuta, na gesi inayoitwa radoni inayotoka kwenye mwamba, ambayo ikivutwa miaka mingi inaleta saratani ya mapafu. Dawa yake inajulikana. Hewa ipite vizuri, vumbi limwagiwe maji, kila mfanyakazi avae kipimo cha mionzi, maji ya mito na visima yapimwe.

Halafu akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari: “Msimuulize mama kama anaogopa. Mwambieni aulize nani anapima, na majibu ya vipimo anasomewa nani.”

Nikaruka! Maana hiyo ipo kwenye muvi! Kuna kipande bungeni, baada ya kugundulika kwamba Gojira ametokana na bomu la haidrojeni. Mbunge mmoja anasema jambo hili lifanywe siri, litaleta hofu, litaharibu uchumi na uhusiano na nchi nyingine. Akina mama waliokaa upande wa pili wanasimama wanapiga kelele kwamba ukweli utangazwe. Ugomvi unakuwa mkubwa mpaka kikao kinavurugika. Mara ya kwanza nilipitiliza, nilikuwa nasubiri jitu litokee. Sasa naona ndicho kipande muhimu kuliko vyote. Na nje ya muvi akina mama walifanya kweli: kampeni ya saini za kupinga mabomu ilishika kasi kwa akina mama wa mtaa wa Suginami, Tokyo, waliokuwa wanashindwa kununua samaki, na mpaka Agosti 1955 zilikuwa zimepita milioni 30. Ilianza na swali la sokoni: huyu samaki analika?

Swali la mama yake Mngoni ni lilelile.

Jioni ile alimpigia. Nilikuwepo, aliweka sauti nje. Hakumwambia nenda wala usiende. Alimweleza habari ya vumbi na gesi na vipimo, polepole, akarudia mara mbili. Mama akauliza, “Kwa hiyo hicho kipimo anavaa kila siku?” Ndiyo mama. “Na siku wakisema kimeharibika?” Mngoni akaniangalia. “Siku hiyo asiingie kazini, mama.” Kimya. Halafu mama akasema, “Haya, nimeelewa. Nitawauliza kwenye mkutano wa kijiji.” Na mimi naamini atawauliza.

Nikienda field mwezi ujao, nikipewa kidato cha nne na mada ya Vita vya Pili vya Dunia, andalio langu la somo limeshakamilika. Sitaandika ule mstari mmoja ubaoni nikaenda zangu. Nitachora ramani yenye nukta tatu: Shinkolobwe, Hiroshima, Bikini. Nikipata laptopu yenye chaji nitawaonyesha dakika tano tu, wale mabaharia na yule mtoto wa hospitali, bila kuwaambia muvi inahusu nini. Kisha nitauliza: jitu hili lilitoka wapi, na nani alijua akanyamaza? Najua watacheka gwanda la mpira. Wacheke, hata sisi tulicheka.

Mngoni yeye amepangiwa Ruvuma. Anasema ataenda na hiyo muvi kwenye flashi, na safari hii DJ atakuwa yeye. Nimemwapisha asikate kitu.

Anayeitaka aje chumbani na flashi yake, isiwe na virusi tafadhali, mara ya mwisho mlinitia hasara. Wale mnaosafiri kwenda field, safari njema, na mkifika msisahau kusalimia watu kwanza. Tuonane umeme ukirudi.